Chupa Yenye Jina la Gershom

Daktari Suleiman aliziweka figo mbili kwenye sahani ya chuma, akaisogeza hadi mbele ya Inspekta Nyevu.

"Vaa glavu," alisema. "Ziguse mwenyewe, kisha uniambie umeona nini."

Nyevu alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi ya polisi, saba kati ya hiyo katika upelelezi pale Changamwe. Chumba cha maiti hakikumtisha tena. Aliibonyeza figo ya kushoto kwa kidole. Ilikuwa ngumu, na juu imeparara kama ngozi ya kenge.

"Ni ndogo," alisema. "Kama ya mtoto."

"Ni za mtu wa miaka thelathini na minne. Figo ya mwanamume wa umbo lake hujaa kiganja, uzito wake gramu mia na hamsini hivi. Hiyo uliyoishika ni hamsini na nane. Mwenzake, sitini na mbili."

"Sumu hufanya hivi?"

"Sumu ikiua figo huziua zikiwa na ukubwa wake, pengine hata zimevimba. Hizi zimesinyaa. Figo haisinyai hivi kwa siku nne, wala kwa miezi mitatu. Hii ni kazi ya miaka, mwanangu."

Nyevu alivua glavu, akatoa kwenye jalada karatasi moja iliyotiwa muhuri. Hiyo ndiyo iliyomfungisha Velma, mke wa marehemu.

Gershom, mfanyakazi wa yadi ya makontena, alikuwa amekufa Jumapili baada ya kutapika siku nne nyumbani kwake Miritini. Hospitali aliyofikishwa saa yake ya mwisho ilimpima damu, ikakuta imejaa uchafu ambao figo zilipaswa kuutoa. Siku ya pili yake, mdogo wake aitwaye Munga alikuja kituoni na karatasi ile. Ilikuwa ya zahanati, ya miezi mitatu nyuma, Gershom alipopimwa kabla ya kuajiriwa. Mkojo hauna tatizo. Anafaa kwa kazi. Munga aliuliza swali moja tu: mtu mwenye figo nzima amekufaje kwa figo ndani ya miezi mitatu, kama si kulishwa kitu? Polisi walipopekua nyumba walikuta pakiti ya sumu ya panya chini ya kitanda, nusu yake imetumika. Velma, mkewe, akakamatwa. Mahakama iliwapa polisi hadi Ijumaa wamfungulie mashtaka ya mauaji au wamwachie. Leo ilikuwa Alhamisi.

Daktari aliisoma karatasi, akairudia.

"Protini, hakuna," alisema. "Damu, kidogo. Na tazama hapa, kiwango cha ukolevu. Mkojo huu ulikuwa umekolea vizuri, kama wa mtu aliyeshinda juani bila kunywa maji."

"Kuna ubaya?"

"Figo zilizofika hapa haziwezi kukoleza mkojo. Hutoka mwepesi kama maji, mchana na usiku, na huvuja protini." Aliirudisha karatasi mezani. "Nyevu, wallahi nakwambia. Mkojo huu haukutoka kwenye figo hizi."

"Jina ni lake. Tarehe ni sawa. Muhuri ni wa zahanati."

"Jina huandikwa juu ya chupa. Kilichomo ndani ni habari nyingine."

*

Velma aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na nguo zilezile alizokamatwa nazo. Alikuwa mwembamba, mwenye lafudhi ya bara ambayo wakwe zake hawakuizoea kwa miaka sita ya ndoa. Konstebo Odhiambo alimvutia kiti, kisha akasimama mlangoni.

"Nieleze mume wako alivyoumwa," Nyevu alisema. "Usianze na wiki ile. Anza pale ulipoona jambo la kwanza."

Velma alifikiri.

"Ni uso. Mwaka jana, kabla ya Pasaka. Akiamka asubuhi uso umevimba, macho hayafunguki vizuri. Kufikia jioni uvimbe umeshuka miguuni. Akivua soksi zimeacha mfereji."

"Alikojoaje?"

Velma aliinamisha macho. "Unataka nikuambie hata hiyo?"

"Hiyo hasa."

"Kulikuwa na povu. Hata akimwaga maji, povu halitoki. Nilimwambia ni kama mtu amefulia nguo mle chooni, akacheka. Na usiku alikuwa anaamka mara nne, mara tano kwenda haja. Mwezi huu wa mwisho akaanza kujikuna mwili mzima, bila upele. Nikipika, anasema chakula kina ladha ya msumari. Pumzi yake nayo... Majirani walisema pumzi ile ni ya mtu aliyelishwa kitu."

"Wewe ulimpa nini?"

"Muarubaini. Nilidhani ni malaria. Nilichemsha majani, nikampa kikombe asubuhi na jioni, siku tatu. Madam, kama ni ule muarubaini ndio ulimuua, niambie. Nitasema mwenyewe mbele ya hakimu."

"Na ile sumu chini ya kitanda?"

"Ya panya. Walikuwa wamekula unga. Tuligawana na jirani yangu, Fancy. Muulizeni."

"Nilimuuliza asubuhi," Odhiambo alisema kutoka mlangoni. "Yuko na nusu ingine, Madam. Na alitupa panya watatu."

Nyevu aliandika, kisha akauliza, "Gershom alikataa kwenda hospitali?"

"Alikataa kabisa. Alikuwa amekaa miaka miwili bila kazi. Alisema yadi ikijua mtu ni mgonjwa, kesho kuna mwingine langoni na kofia yake."

Odhiambo alisogea, akaweka mezani kofia ngumu ya manjano ya watu wa yadini. Alikuwa ameichukua asubuhi kutoka kwenye kabati la Gershom kazini. Aliubandua mkanda wa ndani, akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyochakaa kwa jasho.

Ilitoka kwenye kambi ya matibabu ya bure iliyofanywa kanisani kwao mwaka uliopita. Nyevu aliisoma kwa sauti. "Presha, mia na sabini kwa mia na kumi. Protini kwenye mkojo, alama tatu za kujumlisha. Aende hospitali kubwa haraka, apimwe damu na apigwe picha ya figo."

Velma alinyoosha mkono, akaishika karatasi. Aliitazama muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo yalivyohitaji.

"Siku hiyo nilikuwa naye," alisema. "Nilikuwa nje na wamama wa kwaya. Alitoka akicheka. Nikamwuliza wamesema nini. Akasema, 'Buheri wa afya, mama. Wamesema nipunguze chumvi tu.'"

"Alipunguza?"

"Mimi ndiye nilipunguza. Yeye alikuwa anaongeza."

Hakulia. Aliikunja karatasi mara nne, kwa mikunjo ileile, akairudisha.

*

Zahanati ya Tulizo ilikuwa Miritini, kando ya pale malori yanapoegeshwa, na zaidi ya nusu ya wateja wake walikuwa watu wanaotafuta cheti cha kazi. Mtaalamu wa maabara alikuwa msichana aitwaye Vivian, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi vizuri. Alipoona kitambulisho cha polisi alitoa daftari la vipimo mara moja, akatafuta tarehe.

"Huyu hapa. Nambari arobaini na mbili, Gershom."

Nyevu alifuata mstari kwa kidole. Safu ya mwisho ilikuwa na maneno ambayo hayakuwa kwenye karatasi ya mwajiri.

"'Mayai ya kichocho, machache,'" alisoma. "Uliyaona wewe?"

"Kwa darubini, kwa macho yangu. Kwenye mkojo kulikuwa na damu kidogo, na kila nikiona damu huuzungusha kwenye mashine, nikatazama mashapo. Mayai ya kichocho hayakosewi, yana mwiba mwishoni. Daktari akaandika dawa. Nikampa tembe nne, zile kubwa nyeupe, za kunywa zote mara moja. Kichocho hakimzuii mtu kufanya kazi, ndiyo maana hatukukiandika kwenye cheti."

"Alizinywa mbele yako?"

"Alizitia mfukoni. Alisema atazinywa akishakula."

"Presha yake?"

Vivian alitazama daftari, na sauti yake ikapungua. "Mia na sitini kwa mia. Daktari alisema ni hofu ya kupimwa, maana mkojo haukuwa na protini. Laiti ungekuwa na protini, tungempeleka hospitali kubwa siku ileile."

"Vivian, mtu akija hapa kupimwa mkojo, anakwenda wapi?"

"Choo kiko nyuma, nje."

"Kuna anayemsindikiza?"

"Hapana."

"Chupa yake ulipoipokea ilikuwa ya moto au ya baridi?"

"Ilikuwa... haikuwa ya moto. Nakumbuka kwa sababu alichelewa. Nilidhani ameshindwa kukojoa, wengine hushindwa." Alikaa kwenye stuli. "Yule kaka amekufa?"

"Amekufa."

Vivian aliliweka daftari mapajani.

Nyevu alitoka nje, akampigia simu Daktari Suleiman. "Kibofu chake ulikipasua?"

"Nilikipasua. Laini, ngozi ya ndani safi kabisa."

"Hakuna dalili ya kichocho?"

"Hakuna kovu, hakuna yale mabaka ya mchanga-mchanga. Mtu huyu hakuwa na kichocho."

"Ahsante, daktari."

Odhiambo alikuwa amelipiga picha daftari lote. "Madam, cheki nambari arobaini na moja. Dancun. Ni wa yadi hiyo hiyo, walipimwa siku moja. Itakuwa ni huyo alimsaidia."

Walimpata Dancun langoni mwa yadi, akibadilisha zamu. Alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, na alikubali kila walichomuuliza. Ndiyo, walipanga foleni pamoja. Hapana, hakumpa mkojo. Yeye mwenyewe alihangaika hata kuijaza chupa yake. Nyevu alitazama tena mstari wa Dancun daftarini. Damu, hakuna. Mayai, hakuna. Mkojo wake haukuweza kuwa na mayai kwenye chupa moja ukayakosa kwenye nyingine.

"Gershom alikuja na nani siku ile?" aliuliza.

"Na jamaa mmoja, amejaa vumbi jeupe mpaka kope. Walikaa nje wakiongea Kigiriama. Mimi sikuelewa."

Nyevu alirudi garini, akafungua jalada kwenye ukurasa wa kwanza, maelezo ya mlalamishi. Munga alikuwa ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe. *Siku hiyo nilimsindikiza kaka yangu zahanati. Niliona kwa macho yangu akipewa karatasi ya kwamba ni mzima.*

"Munga anafanya kazi wapi?" alimuuliza Odhiambo.

"Mwakirunge, kwenye timbo. Anakata mawe."

*

Timbo lilikuwa shimo pana, kuta zake zimekatwa ngazi kwa ngazi. Upande mmoja, ambako mawe yalikwisha miaka mingi, mvua ilikuwa imejaza maji ya kijani. Vijana watatu walikuwa wakioga humo. Nyevu alishuka hadi ukingoni, akachuchumaa. Konokono wadogo, wale wanaobeba vijidudu vya kichocho, walikuwa wameshika majani yaliyoelea. Alisimama, akapangusa mikono.

Munga aliacha mashine yake na kuja. Msiba ulikuwa bado mbichi, lakini alikuwa kazini. Sanda na jeneza vilisubiri pesa.

"Afande. Mmemfungulia mashtaka yule mwanamke?"

"Bado. Munga, mnaoga hapa?"

"Kila jioni. Vumbi hili huwezi kuingia nalo nyumbani."

"Unakojoa damu?"

Alimtazama kama mtu aliyetukanwa, kisha akatazama kando alikosimama Odhiambo.

"Nani amekwambia?"

"Kipimo."

"Sijawahi kupimwa, afande."

"Umewahi. Siku uliyomsindikiza kaka yako."

Munga alipiga hatua moja nyuma. Kule juu mashine nyingine iliendelea kulia, ikanyamaza, na sasa sauti za waliooga zikasikika wazi.

"Aliniomba," alisema. "Alisema jana yake amekunywa pombe ya mnazi, itaonekana, watamnyima kazi. Nikaenda kichakani nyuma ya malori, nikamjazia chupa. Jambo dogo. Ndugu yangu ameniomba mkojo, nimnyime? Lakini hilo na sumu vinahusiana vipi?"

"Hakukuwa na sumu. Kaka yako alikuwa mgonjwa wa figo kwa miaka. Alipimwa kanisani mwaka jana, akaambiwa aende hospitali haraka. Akaificha karatasi. Aliogopa kwamba mkojo wake ukipimwa Miritini, ungesema kama ulivyosema kanisani."

"Hakuniambia."

"Hakumwambia mtu. Hata Velma." Nyevu alifungua daftari lake dogo. "Damu yako bado inatoka?"

"Imekoma."

"Tangu lini?"

"Miezi miwili, mitatu. Tangu zile tembe za..."

"Tembe za nini?"

"Gershom alinipa. Siku ileile." Alikuwa akizungumza polepole sasa, macho yakiwa chini kwenye vumbi. "Alitoka ndani na kikaratasi, tukaenda kwenye kibanda cha mama mmoja, akaninunulia chapati na maharage. Yeye hakula. Akasema, hizi ni za minyoo, mdogo wangu, watu wa mawe mnahitaji kunywa dawa ya minyoo. Nne. Akasimama mpaka nikazimeza zote. Nikamwuliza, na wewe? Akasema yeye hana minyoo."

Odhiambo alijigeuza, akatazama ukuta wa mawe.

"Mimi nilimwita Velma muuaji," Munga alisema. "Mbele ya mama. Mbele ya kanisa. Tulimtupia vyombo vyake nje." Aliinua uso. "Afande, niambie kweli. Kama ningekataa kumpa ile chupa, angepona?"

Nyevu alilifunga daftari lake.

"Daktari anasema zile figo zisingerudi. Lakini kuna mashine za kusafisha damu, na watu huishi nazo miaka. Wengine hupewa figo moja na ndugu wa tumbo moja, wakarudi kazini."

"Ndugu wa tumbo moja."

"Ndiyo."

"Ningempa," Munga alisema. Aliketi pale pale alipokuwa amesimama, kwenye vumbi, magoti yamekunjwa. "Ningempa, afande. Mbona hakuniomba hiyo?"

Waliokuwa wakioga walitoka majini mmoja mmoja, wakavaa, wakapita mbali naye.

*

Maelezo mapya ya Munga yalijaza kurasa tatu. Nyevu alimsomea yote, pamoja na habari ya chupa, akamweleza kwamba mwendesha mashtaka ataamua kama hilo ni kosa la kumfikisha kortini. Munga alitia sahihi. Ripoti ya Daktari Suleiman iliambatanishwa, na nakala za daftari la Vivian, na karatasi ya kanisani. Ijumaa asubuhi hakimu aliyasoma, akamwachilia Velma kabla ya saa nne.

Munga alikuwa akimngoja kwenye baraza la mahakama. Alipomwona alipiga magoti, watu wakageuka kutazama.

"Shemeji," alisema. "Nimekukosea mbele ya Mungu na mbele ya watu."

"Simama," Velma alisema.

"Kesho tunamzika. Nakuomba uje."

"Nimesema simama." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka. Nyevu alikuwa amemweleza kila kitu usiku uliopita, habari ya chupa na habari ya tembe. "Nitakuja kumzika mume wangu, sikuhitaji kuombwa. Lakini siingii boma lile nikiwa nimeshikwa mkono na wewe kama mwizi aliyesamehewa. Ulisema mbele ya watu. Utasema tena mbele yao, na mimi nikiwa nimesimama hapo, nisikie."

"Nitasema."

Nyevu aliwapeleka kwa gari la ofisi hadi bomani kwa mama yake Munga, Mwakirunge.

Matangani kulikuwa na watu kama sitini, wengine wakimenya viazi, wengine wakiimba nyimbo za kanisa. Wimbo ulikatika Velma aliposhuka garini. Mwanamke mmoja alimwaga maji aliyoyashika, akasonya. Mama wa Gershom na Munga alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya mlango, miguu ameinyoosha, kichwa amekifunga leso.

Munga alisimama katikati ya uwanja. Alianza vibaya, akarudia. Alisema kaka yake aliumwa na kuficha. Alisema habari ya ile chupa, kwamba mkojo ulikuwa wake yeye, na kwa sababu hiyo madaktari walidanganyika. Akasema hapakuwa na sumu, na kwamba Velma alimuuguza mumewe kwa alichokuwa nacho. Alipofika kwenye zile tembe nne alishindwa, akafunika uso kwa mikono yenye vumbi, na mzee wa kanisa akaja kumshika bega.

Velma alibaki amesimama mahali pake, mkoba mkononi, akimtazama mama mkwe wake.

"Aliumwa muda gani?" yule mama aliuliza hatimaye.

"Mwaka na zaidi, mama. Kwa niliyoyaona mimi."

"Alikuwa akija hapa kila mwezi. Nikimwuliza, anasema kazi tu inamchosha."

"Hata mimi aliniambia hivyo."

Yule mama alijikokota kwa mikono, akasogea hadi ukingo wa mkeka, akapangusa pale alipopaacha wazi.

"Njoo uketi," alisema. "Unieleze mwanangu alikuwa akiumwa wapi."

Velma aliweka mkoba chini, akavua viatu, akaketi. Alianza na uso uliokuwa ukivimba asubuhi.